Misumari Sita

Shangazi alipoingia kwangu hakuangalia televisheni, hakuangalia picha za ukutani, wala hakwenda dirishani kutazama Kilimani kutoka orofa ya saba kama wafanyavyo wageni wote. Alienda moja kwa moja kwenye meza yangu ya kazi. Akapitisha kidole ukingoni, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye nguo. Alipofika mwisho akarudi tena mwanzo.

"Misumari iko wapi?" akaniuliza.

"Misumari gani, shangazi?"

Nilijua vizuri ni misumari gani.

Meza hiyo ilikuwa cherehani ya nyanya yangu, mama mzaa baba. Singer ya kukanyaga, ile yenye miguu ya chuma iliyopindwapindwa kama lesi, na jina la kampuni likiwa katikati kwa chuma hichohicho. Nyanya alishonea kwenye baraza la duka moja sokoni Wundanyi, juu kule milima ya Taita, kwa zaidi ya miaka arobaini. Alifariki 2021. Baada ya matanga wazee walikaa kugawa mali. Shamba lilichukua saa tatu na nusura watu washikane mashati. Ng'ombe wawili walichukua nusu saa. Cherehani ilichukua dakika tano. Mimi sikuwa nimeomba chochote. Shangazi, ambaye ndiye binti pekee na ndiye aliyejifunza kushona kwenye cherehani hiyohiyo, alisema, "Mpeni huyu. Ndiye aliyekuwa akimtungia sindano." Watu wakacheka, na ikawa hivyo.

Ilikuwa kweli. Macho ya nyanya yalianza kufifia mapema, na kila likizo kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda karibu na gurudumu. Uzi ukikatika, nalamba ncha, natunga, naye anaendelea kukanyaga. Malipo yalikuwa andazi moja saa nne na lingine saa kumi.

Siku nyingine nilikula andazi la bure. Mitumba ilikuwa imemharibia biashara tangu mwanzo wa miaka ya 90, soko la nje lilipofunguliwa na marobota ya nguo kuukuu yakaanza kupanda mpaka milimani kwetu. Nani atashona gauni kwa wiki nzima wakati gauni la Ulaya liko sokoni kwa bei ya chai? Kilichomwokoa ni yunifomu. Hakuna mtoto wa Ulaya aliyewahi kuvaa sketi ya shule ya kijijini kwetu akaichoka akaitupa. Halafu ikaja Januari 2003. Serikali ya Kibaki ilikuwa imeingia tu madarakani, ikaondoa karo ya shule za msingi, na nchini kote zaidi ya watoto milioni moja wakaongezeka madarasani. Wote walihitaji nguo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikingoja kurudi bweni, na nakumbuka wiki mbili ambazo nyanya alishona mpaka usiku wa manane kwa taa ya chemni, nami nikatunga sindano mpaka ulimi ukawa na ladha ya uzi siku nzima. Mwezi huo alinunua mabati.

Basi niliirithi cherehani, lakini kuirithi ni jambo moja na kuifikisha Nairobi ni jingine. Ilishuka Voi juu ya matatu, ikaingia kwenye buti la basi, ikasafiri kilomita 330 hivi ikiwa imelala chini ya magunia ya maembe. Makondakta wawili waliibeba wakilaani. Askari wa geti letu alitaka kujua kama ni mashine ya kusaga.

Ukiijua Kilimani ya siku hizi, utaelewa shida yangu. Zamani hapa palikuwa na nyumba za chini zenye bustani na miti ya jakaranda, mtu angekuwa na chumba kizima cha vitu asivyovitumia. Bustani hizo karibu zote zimeng'olewa zikapandwa ghorofa, na ndani ya ghorofa ndimo sisi tumo, tukilipa kodi ya kila futi ya sakafu. Nyumba yangu ina chumba kimoja cha kulala. Cherehani ilikaa kwenye roshani miezi minane, nimeifunika kwa turubai, vumbi la jengo linaloinuka ng'ambo ya pili likiiangukia mchana kutwa. Mvua zilipokuja, turubai likavuja. Kila nilipoanika nguo niliiona, na kila nilipoiona niliona aibu.

Wazo la kuigeuza meza nililipata kwenye mkahawa, si mbali na Yaya. Huko walikuwa na meza nne, zote miguu ya Singer, juu yake vioo. Watu wanakunywa kahawa huku wakichezesha kanyagio kwa kiatu. Niliuliza vichwa vya cherehani hizo vilienda wapi. Yule kijana aliyekuwa akihudumu hakuelewa swali. Nilikasirika kidogo, kisha nikapiga picha ya meza, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Nilijiuliza hata kama sheria inaniruhusu kukata kitu cha kale. Inaruhusu. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka wa 2006 inachora mstari wake kwenye 1895, mwaka ambao Waingereza walitangaza himaya yao hapa. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya hapo ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kale. Baada ya hapo ni mali yako, kata utakavyo. Cherehani ya nyanya ilikuwa ya miaka ya 1950. Kwa serikali ni chombo tu, na nilipumua.

Nikaipeleka Ngong Road, kwa mafundi wale wanaopanga makochi na vitanda kando ya barabara. Fundi niliyempata alikuwa mzee wa makamo, penseli sikioni. Nikamweleza: nataka utoe kichwa, utoe ubao wa juu, uweke ubao mmoja mnene wa mvule, niwekee kompyuta. Akaizunguka mara mbili.

"Boss, hii unataka nikate kichwa?"

"Kichwa nitaweka kwa shelfu."

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Akainama, akautoa mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, akashika kichwa cha cherehani kwa mikono miwili na kukisukuma nyuma. Hakikusogea. Akaita kijana wake alete mafuta ya taa. Wakamwagia kwenye bawaba, tukakaa kama dakika ishirini tukizungumzia bei ya mbao, maana ukataji miti kwenye misitu ya serikali ulikuwa umepigwa marufuku tangu Februari 2018 na kila ubao mzuri, aliniambia, ni wa Congo na bei yake ni ya Congo pia. Kisha akasukuma tena. Kichwa kikalia kama mlango wa ghala, kikainama nyuma, kikazama chini ya meza na kuning'inia humo kama popo. Akachukua kile kibawa cha ubao kilichokuwa kimelala upande wa kushoto, akakikunja juu ya lile tundu. Ikawa meza tupu.

Nilikaa karibu na cherehani ile utoto wangu wote na sikujua kwamba inajikunja. Nyanya hakuwahi kuikunja. Angeikunja saa ngapi?

"Hii ni meza tangu kitambo," fundi akasema. "Wenye walitengeneza walijua watu hawana nafasi."

Shida ilikuwa ubao wenyewe. Mvua ya roshani yangu ilikuwa imeutenganisha tabaka kwa tabaka upande mmoja, na upande wa pili mchwa wa Wundanyi walikuwa wametangulia. Ukibonyeza kwa kidole, kidole kinaingia. Fundi akanipa bei mbili. Ubao mmoja bapa, bila tundu, bila kichwa: elfu tisa. Ubao mpya wenye tundu, kibawa na bawaba, kichwa kikae palepale na kujikunja kama zamani: elfu kumi na nane, na wiki tatu badala ya moja, kwa sababu kupima tundu si mchezo. Niliondoka nikitaka ya elfu tisa. Nilifika Adams, nikarudi. Sijui kilichonirudisha hasa. Nadhani ni lile swali lake la kwa nini.

Basi nikaweka amana. Na nilipokuwa natoka akaniuliza, "Na hii mbao ya zamani?"

Nikamwambia, "Hiyo ni takataka, tupa."

Ukingoni mwa ubao huo, upande wa mshonaji, kulikuwa na misumari sita midogo yenye vichwa vya shaba. Niliiona. Niliiona tangu nikiwa mtoto, ilikuwa ikinikwaruza mkono. Nilidhani ni pambo.

Meza ilipokuja ilinifurahisha kupita kiasi, ni lazima niseme. Mvule mpya una rangi ya manjano inayogeuka hudhurungi polepole, na ule mwaka wa kwanza niliutazama ukigeuka. Mchana nafasiri nyaraka za mashirika, miguu yangu iko juu ya kanyagio. Kazi ikinishinda nakanyaga, na gurudumu linazunguka bure bila mkanda. Nilisafisha kichwa kwa kitambaa na mafuta, nakshi za dhahabu zikatokea tena kwenye weusi. Nikaisoma namba yake na kuifuatilia mpaka kiwanda chake, Clydebank, Uskoti. K iliyo kwenye aina ya cherehani, 15K, ni ya Kilbowie, pale kiwanda kilipojengwa. Kilifunguliwa 1885, kikapigwa mabomu na Wajerumani Machi 1941, kikaendelea, kikafungwa 1980. Mpaka leo kituo cha treni cha hapo kinaitwa Singer. Niliwasimulia wageni hayo yote. Nilikuwa hodari sana wa kusimulia Uskoti.

Shangazi alikuja 2023 kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, yote mawili, na daktari alitaka kuanza na la kulia. Kwa hiyo alipopitisha kidole kwenye meza hakuwa akiangalia kwa kweli. Alikuwa akipapasa.

Nilipomwambia ubao ulioza na nikautupa, hakupiga kelele. Aliketi. Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara nne juu ya goti.

"Mamangu hakujua kusoma, unajua?"

Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua za babangu.

"Hakujua namba pia. Ile futi ya shingoni alikuwa akiivaa ili wateja wamwamini." Akaonyesha ukingo wa meza kwa kidole. "Babako alimpigilia misumari sita. Kutoka mmoja hadi mwingine nusu futi. Gauni la darasa la kwanza, kutoka huu mpaka huu. La darasa la nne, mpaka huu. Watoto wote wa sokoni walipita kwenye misumari ile. Mimi nilijifunza kushona kwa misumari, futi nimekuja kuijua nikiwa mtu mzima, Voi."

Sikuwa na la kusema. Nilifikiria miaka yote ile niliyokaa kwenye kigoda, macho yangu yakiwa sawasawa na ukingo huo. Nilimwona akilaza kitambaa pale kabla ya kukata. Nilidhani anakinyoosha.

"Na babako," shangazi akaendelea, "unakumbuka mkono wake? Hiyo ndiyo kazi pekee ya seremala aliyowahi kuifanya ikasimama wima." Akacheka kidogo, na kicheko hicho kiliniumiza kuliko kama angenitukana. Babangu alikufa nikiwa kidato cha pili. Sina kitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Nilikuwa nacho.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa ya kliniki, nilikimbia Ngong Road. Nilijua ni ujinga. Fundi alinikumbuka, akaiulizia meza kama mtu anayeulizia mtoto. Nilipomweleza akakuna kichwa kwa penseli. Mbao mbovu huwa zinawashwa kuchemshia chai ya mafundi. Mwaka mzima ulikuwa umepita. Tulichakura pamoja kwenye jivu na taka nyuma ya kibanda, yeye kwa koleo, mimi kwa kijiti. Tukapata misumari mingi, ya kila aina, iliyopinda, yenye kutu. Ya shaba hakuna.

"Boss, ni wewe ulisema tupa," akasema, bila ubaya.

"Ni mimi."

Kutoka pale nikaingia duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua pakiti ya misumari ya shaba, ile inayotumika kwenye makochi. Jioni, shangazi akiwa amerudi na jicho moja limefunikwa, nikaiweka mbele yake pamoja na nyundo. Nilidhani labda angependa tuipigilie pamoja.

Akaipapasa pakiti. "Ya nini?"

"Ile sita, shangazi. Turudishe."

"Turudishe kwa nani? Mimi futi naijua. Wewe hushoni. Utaharibu mbao ya watu." Akanirudishia. "Hiki kichwa bado kinafanya kazi?"

Nikakikunjua. Sikuwa nimeweka mkanda, kwa hiyo nikateremka River Road siku iliyofuata kutafuta mkanda wa ngozi, sindano na kigurudumu cha uzi cha ndani, maana kile cha zamani kilikuwa kimeshika kutu. Kwenye duka la vipuri mzee aliyeniuzia aliuliza ni 15 au ni nyingine, nikajibu haraka kama mwenyeji, na hapo maarifa yangu ya Uskoti yalifaa kitu kwa mara ya kwanza.

Shangazi alikaa kwangu wiki tatu. Alikatazwa kuinama na kubeba mizigo, na mwanzoni nilimzuia hata kukaribia cherehani. Wiki ya pili, baada ya kuonana na daktari, hakunisikiliza tena. Alipunguza pazia zangu, ambazo tangu nihamie zilikuwa zikiburuza sakafuni. Akashona foronya nne kutoka kwa shuka moja. Mama anayefanya usafi kwenye jengo letu alileta sare ya mwanawe iliyochanika begani, kesho yake akaleta ya jirani. Cherehani ya kukanyaga ina mlio wake, si mkubwa, lakini kwenye ghorofa unashuka kwenye zege mpaka kwa wa chini. Keateka akapanda siku moja kuuliza kama nina mashine. Nikamwambia ni meza. Akatazama ndani, akamwona shangazi, akasema, "Shikamoo mama," akaenda zake. Siku mbili baadaye alirudi na suruali.

Kulikuwa na kopo la Kimbo. Kwenye droo za cherehani nilikuta, siku ile ya kwanza kwa fundi, takataka za nyanya: vifungo, chaki, vipande vya nyuzi vilivyofungwa mafundofundo. Nilivitia vyote koponi na kulisukuma chini ya sinki, si kwa heshima, ni kwa uvivu tu. Nilimpa shangazi kopo hilo akiwa anatafuta vifungo. Akatoa uzi mmoja, mrefu, wenye mafundo matatu na kipande cha kitambaa cha kijani kikiwa kimefungwa mwishoni. Akausogeza karibu na lile jicho jipya.

"Alikuwa anawapima wateja kwa uzi," akasema. "Fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu urefu. Kitambaa ni ili amkumbuke mwenyewe."

"Huyu ni nani?"

Aliugeuzageuza. "Kijani ni shule yenu. Anaweza kuwa wewe. Anaweza kuwa mtoto yeyote."

Nilihesabu nyuzi usiku ule, ni kumi na tisa. Tatu zina kijani. Niliulaza mmoja ukingoni mwa meza mpya, nikaunyoosha kwa vidole kama nilivyomwona akifanya, lakini hapakuwa na cha kuulinganisha nao. Nilizirudisha koponi, na kopo sasa liko kwenye droo ya kulia.

Shangazi aliondoka Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kabla ya kutoka alinifundisha kupitisha uzi kuanzia juu mpaka kwenye tundu la sindano, njia nzima, kwa sababu mimi nilijua hatua ya mwisho tu. Aliniambia nisikunje kichwa mpaka arudi kwa jicho la kushoto, ana kazi hajamaliza. Sijakikunja. Kompyuta yangu iko kwenye kaunta ya jikoni, kati ya birika na sahani, na nafasiri nikiwa nimesimama.